Uzi: Soko la hisa linapofunguliwa kwa wageni, faida humfikia nani kwanza?

Mwanzisha uzi (Unguja Mjini)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja na wenzetu wa Bara mnaotusoma.

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipotoa sukuk yake (hati za uwekezaji zisizo na riba) mwaka 2025, watu wengi ambao hapo awali hawakuwa wakigusa mambo ya mitaji wameanza kuulizia hisa. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: je, wageni wakiruhusiwa kununua kwa wingi zaidi katika soko la Dar es Salaam, bei zitapanda au zitaanza kuyumba? Nimeona niliandikie kwa urefu, kwa sababu jibu linalotolewa mitandaoni ni fupi mno na mara nyingi linampotosha mwekezaji mdogo.

Kwanza tuikumbuke historia yetu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, ya gesi za viwandani, TOL. Wageni hawakuruhusiwa kununua. Mwaka 2003 waliruhusiwa, lakini kwa jumla wasizidi asilimia 60 ya hisa za kampuni moja. Septemba 2014 ukomo huo uliondolewa. Hatifungani za serikali, yaani hati ambazo serikali hukopea fedha kwa umma, zilibaki na masharti yake, zikafunguliwa kwa kiasi kwa wakaazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wenzetu walitutangulia kwa mbali: Kenya iliifuta sheria yake ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995, na Uganda ikaufungua kabisa mlango wa mitaji mwaka 1997. Kwa hiyo ndani ya kanda moja tuna nchi tatu zilizochagua kasi tofauti, na yeyote anayetaka kujua kufungua soko kunaleta nini hana haja ya kuanzia Brazil.

Sasa nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha suala zima, nalo ni kwamba faida kubwa ya kufunguliwa soko huja mara moja, na huwafikia waliokwisha kuwamo ndani.

Chukueni hisa inayotoa gawio (sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa) la shilingi 50 kila mwaka, na tuseme gawio hilo halitarajiwi kuongezeka. Soko likiwa limefungwa, wanunuzi ni wachache na kila mmoja amebeba hatari yote ya uchumi wa nchi moja, kwa hiyo anataka alipwe vizuri kwa kuibeba. Akidai asilimia 20 kwa mwaka, atakuwa tayari kulipa shilingi 250. Mlango unafunguliwa. Anaingia mwekezaji mwenye hisa za nchi thelathini, ambaye mtikisiko wa Tanzania peke yake haumtishi kwa kuwa hauendi sambamba na mtikisiko wa Marekani au wa Japani. Huyu anatosheka na asilimia 15, na kwa gawio lile lile la shilingi 50 yuko tayari kulipa shilingi 333. Kampuni haijauza hata bidhaa moja zaidi, lakini bei imepanda kwa theluthi moja. Aliyekuwa na hisa kabla amepata theluthi hiyo. Anayenunua leo kwa 333 atapata asilimia 15 kwa mwaka, pungufu ya ile 20 ya zamani, ingawa akiitazama chati ya mwaka uliopita ataona ongezeko linalovutia macho na kudhani kwamba hiyo ndiyo tabia ya soko.

Hili limepimwa. Mchumi Peter Blair Henry, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2000 juu ya nchi 12 zilizofungua masoko yao ya hisa, alikuta kwamba bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 3.3 kila mwezi juu ya kiwango cha kawaida katika kipindi cha miezi minane kinachoishia pale ufunguaji ulipotekelezwa. Zingatieni kipindi chenyewe. Ni miezi ya kuelekea ufunguaji, wakati habari ilipokuwa imekwisha kuwafikia wenye masikio.

Kwa hiyo ninaposikia vijana wetu wakisema wangoje kwanza "wageni waingie" ndipo nao wanunue, nasikitika kwa dhati, kwa maana wanapanga kuingia baada ya karamu kwisha.

Mchangiaji wa kwanza (Wete, Pemba)

Wa alaykumu salaam. Ahsante kwa maelezo, lakini naomba ufafanuzi juu ya sehemu ya pili ya swali, yaani kuyumba kwa bei. Nimekuwa nikizisoma taarifa za kila siku za soko la Dar es Salaam, na kinachoonekana ni utulivu mkubwa. Kampuni kadhaa bei yake ni ile ile wiki nzima, wakati mwingine mwezi mzima. Nikilinganisha na Nairobi, ambako bei hupanda na kushuka kila siku, naona kama kwamba soko lililofungwa zaidi ndilo salama zaidi kwa mtu wa kipato cha chini. Je, nimekosea?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Wete, umeligusa jambo linalowachanganya hata waliosomea fani hii, na nitalijibu polepole.

Mtikisiko wa bei hupimwa kwa kutazama jinsi faida ya kila siku au ya kila mwezi inavyotawanyika mbali na wastani wake. Mchanganuzi akikuta kwamba faida za mwezi za hisa fulani hutawanyika kwa asilimia 6, huizidisha kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni takriban 3.46, akapata karibu asilimia 21 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu ambapo bei iliyoandikwa ni bei ya biashara iliyofanyika. Katika soko letu, bei iliyosimama mwezi mzima mara nyingi ina maana kwamba hakuna aliyenunua wala kuuza. Jedwali linaonyesha mabadiliko sifuri, hesabu inatoa mtikisiko mdogo, na msomaji anaamini kwamba ni utulivu.

Itazame safu ya hisa zilizouzwa iliyo pembeni ya bei. Ukikuta mstari wa kampuni una bei ya kufungulia na bei ya kufungia, na safu hiyo ina kistari kitupu au sifuri siku kumi mfululizo, basi bei hiyo ni kumbukumbu ya mtu wa mwisho aliyefanya biashara. Mwenye hisa anayetaka fedha za kumlipia mwanawe ada atapeleka amri ya kuuza kwa dalali, na amri itakaa. Akiwa na haraka itambidi ashushe bei hadi apatikane wa kuichukua, na hapo ndipo mtikisiko uliokuwa umefichika unapojitokeza wote kwa mkupuo, mabegani mwa mtu mmoja.

Kuna jambo jingine katika taarifa hizo hizo. Soko la Dar es Salaam lina fahirisi (vipimo vya mwenendo wa bei za hisa kwa jumla) mbili kuu: moja inajumuisha kampuni zote, pamoja na zile za Kenya zilizoorodheshwa pia kwetu, kama vile EABL, KCB na Kenya Airways, nyingine, TSI, ni ya kampuni za ndani pekee. Hisa zile za Kenya karibu haziuzwi Dar es Salaam, na bei zake huchukuliwa kutoka Nairobi na kugeuzwa kuwa shilingi za Tanzania. Kwa hiyo kuna siku fahirisi kuu inashuka ilhali hakuna Mtanzania aliyeuza hata hisa moja. Kilichoshuka ni bei ya Nairobi, au thamani ya shilingi ya Kenya mbele ya yetu. Anayetaka kujua hali ya kampuni zetu aitazame TSI.

Na wataalamu wanasema nini juu ya ufunguaji na mtikisiko? Geert Bekaert na Campbell Harvey, waliolitafiti suala hili kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1990, walikuta kwamba ufunguaji huwapunguzia wafanyabiashara gharama ya kupata mtaji, na kwamba soko lililofunguliwa huanza kwenda sambamba zaidi na masoko ya dunia. Juu ya mtikisiko wenyewe, hawakukuta ongezeko kubwa la jumla linaloweza kubebeshwa wageni. Kinachobadilika zaidi ni chanzo chake. Soko lililofungwa hutikiswa na mambo ya nyumbani: ukame, uchaguzi, sera ya kodi. Soko lililofunguliwa hutikiswa na hayo, na juu yake hutikiswa na maneno yanayosemwa Washington.

Mfano wake ni Mei 2013. Ben Bernanke, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, alidokeza kwamba ununuzi wa hatifungani uliokuwa ukifanywa na benki hiyo ungeweza kupunguzwa. Alikuwa akizungumzia uchumi wa nchi yake. Muda si mrefu sarafu na hisa za India, Indonesia, Brazil, Uturuki na Afrika Kusini zikaporomoka. Machi 2020 yakatokea makubwa zaidi: wawekezaji wa nje waliondoa fedha katika masoko yanayochipukia kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, na soko la Nairobi, ambako wakati huo wageni mara nyingi walikuwa ndio wenye zaidi ya nusu ya biashara, lilisimamishwa kwa muda siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona.

Mchangiaji wa pili (Chake Chake, Pemba)

Maalim, kwa heshima zote, naona unawapamba wageni. Sisi watu wa Pemba tuna kumbukumbu ndefu na mnunuzi wa nje. Karafuu zetu zilikuwa zikinunuliwa kwa wingi na Indonesia kwa ajili ya sigara zao za kretek, zinazochanganywa na karafuu. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ya kutosha na kupunguza kununua kwetu katika miaka ya 1980, bei ya dunia iliporomoka na wazee wetu wakabaki na magunia. Hisa zina tofauti gani? Mnunuzi mkubwa wa nje akiwapo kila mtu hufurahi, na akiondoka hutakuwa na wa kumlilia.

Mwanzisha uzi

Sipingi kumbukumbu hiyo, na naiheshimu. Ila naomba tuitazame kwa makini, kwa sababu inaunga mkono hoja yangu kuliko inavyoipinga. Madhara ya karafuu yalikuwa makubwa kwa kuwa mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja na sisi wenyewe tulikuwa tukizitumia kidogo sana. Hisa ni hivyo hivyo. Wageni wakiuza kwa pamoja, bei hushuka hadi ikutane na mnunuzi wa ndani. Akiwapo karibu, mwenye fedha na subira, kushuka kunakuwa kwa siku chache. Asipokuwapo, bei inaporomoka, nao wageni wengine wakiona mporomoko huo wanauza zaidi.

Thailand iliiacha sarafu yake ielee tarehe 2 Julai 1997, na moto ukaenea hadi Malaysia na Indonesia. Malaysia ilichukua njia yake: Septemba 1998 ilifunga mlango wa kutokea, ikaifunga ringgit kwenye 3.80 kwa dola, na mwekezaji wa nje akatakiwa kuziacha fedha zake ndani kwa mwaka mzima. Februari 1999 masharti yalilegezwa, kukawekwa tozo badala ya katazo. Wapo waliotabiri kwamba nchi hiyo isingeaminiwa tena, lakini iliendelea, na leo ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya sukuk duniani. Kwa upande mwingine, Nigeria ilipobana upatikanaji wa dola, benki ya Marekani ya JPMorgan iliiondoa katika fahirisi yake ya hatifungani mwaka 2015, na wawekezaji walionaswa ndani walingoja muda mrefu kupata fedha zao. Malaysia ilikuwa na mifuko mikubwa ya akiba ya wafanyakazi wake iliyoweza kununua wageni walipokuwa wakiuza. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa baina ya nchi hizo mbili.

Kwetu sisi, mfano ulio karibu ni benki ya CRDB, na takwimu zake ni za hadharani. Hisa ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Baada ya ukomo wa wageni kuondolewa, benki iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza mwaka 2015 kwa shilingi 350. Miaka michache baadaye bei sokoni ilikuwa imeshuka chini ya ile 150 ya mwanzo. Siwezi kusema kwa haki kwamba wageni ndio waliosababisha: fedha za taasisi za umma zilihamishiwa Benki Kuu mwaka 2016, na mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, iliongezeka katika sekta nzima. Lakini aliyenunua kwa 350 kwa sababu chati ya miaka miwili iliyotangulia ilikuwa ikipanda alilipa bei ya soko lililokwisha kupandishwa, akabaki na hatari yote ya kushuka. Baadaye bei hiyo ilipanda tena na kupita mbali, na waliovumilia walinufaika. Wengi waliokuwa na shida ya fedha hawakuweza kuvumilia.

Msisahau sarafu pia. Katika mwaka 2015 dola ilipanda kutoka takriban shilingi 1,700 hadi zaidi ya 2,100. Mgeni ambaye hisa yake ilipanda asilimia 10 kwa shilingi, huku shilingi ikipoteza sehemu moja ya tano ya thamani yake, alitoka na hasara ya asilimia 12 kwa dola. Wewe wa Chake Chake ungeiona hisa hiyo inafanya vizuri na usielewe kwa nini mgeni anauza.

Mchangiaji wa tatu (Mbweni, Unguja)

Naomba kuongeza jambo ambalo kaka yetu mwanzisha uzi hajaligusa, nalo kwa Zanzibar ni kubwa. Anasema tuwemo ndani kabla ya mlango kufunguliwa zaidi. Sawa. Lakini hisa zenye biashara nyingi Dar es Salaam ni zipi? Ni benki za riba, kampuni ya bia na kampuni ya sigara. Muislamu anayejali dini yake hawezi kuzinunua. Kilichobaki ni saruji, gesi za viwandani, huduma za uwanja wa ndege na mawasiliano, na hata hizo lazima zichujwe.

Mchujo wenyewe unahusiana moja kwa moja na mada hii. Viwango vya AAOIFI, taasisi ya kimataifa inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, vinataka mikopo ya riba ya kampuni isifikie asilimia 30 ya thamani ya hisa zake sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5. Tuseme kampuni ina mikopo ya shilingi bilioni 25 na thamani yake sokoni ni bilioni 100. Uwiano ni asilimia 25, inafaa. Wageni wanauza, bei inashuka kwa asilimia 30, thamani inakuwa bilioni 70. Uwiano sasa unakaribia asilimia 36. Kampuni haijakopa hata senti, lakini imetoka katika orodha, na wewe unatakiwa kuuza wakati ambapo bei iko chini kabisa. Kwa ajili hiyo baadhi ya fahirisi za Kiislamu duniani hutumia wastani wa thamani ya miezi 24 au 36 badala ya bei ya siku. Sisi tusio na bodi inayotoa orodha rasmi kwa soko letu tunabaki kila mtu na fatwa aliyoisikia msikitini.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, Allah akulipe kheri. Hili nililikosea nafasi katika maelezo yangu ya mwanzo, na ni zito kuliko nusu ya niliyoyaandika. Maana yake ni kwamba Mzanzibari hakukosa faida ya 2013 na 2014, bei zilipokuwa zikipanda kabla ya ukomo wa wageni kuondolewa, kwa uzembe peke yake. Hisa zilizopanda zaidi zilikuwa nje ya mipaka yake. Orodha iliyochujwa na kutangazwa kila robo mwaka, kwa kutumia wastani wa miezi mingi kama ulivyoeleza, ingefanya kazi kubwa hapa kuliko semina zote za uhamasishaji. Sukuk inasaidia, lakini mwenye sukuk hupata alichoahidiwa; haimpi ile theluthi ya kupanda kwa bei niliyoieleza hapo juu. Hisa ndizo zinazoibeba.

Ndiyo maana pia naitazama mifuko ya hifadhi ya jamii, ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) ikiwa ya kwanza kwa upande wetu. Mfuko wenye michango ya wafanyakazi wa miaka thelathini ijayo haulazimiki kuuza Machi kwa sababu Nairobi imeshuka. Ukiwa na sehemu ya kutosha katika hisa zilizochujwa, unaweza kununua siku ambayo wageni wanatoka, na mstaafu wa Mkoani akanufaika na hofu ya mtu wa London.

Mchangiaji wa kwanza (Wete)

Nimeelewa, na nimeridhika kuhusu safu ya hisa zilizouzwa. Swali langu la mwisho: mtu wa kawaida kama mimi atajuaje kwamba wageni wanaingia au wanatoka, kabla ya kusoma magazetini wakati mambo yamekwisha?

Mwanzisha uzi

Taarifa za wiki za soko na za madalali huonyesha mgawanyo wa wanunuzi na wauzaji kati ya wa ndani na wa nje, kwa asilimia ya thamani ya biashara. Chukua daftari, andika kila wiki asilimia ya wageni upande wa kununua na upande wa kuuza, pamoja na thamani ya biashara yote. Wiki moja haikwambii kitu, kwa sababu mauzo ya mkupuo mmoja baina ya wakubwa wawili huweza kuipindua picha nzima. Ukikuta kwa miezi miwili au mitatu mfululizo wageni ni sehemu kubwa ya wauzaji na bei hazishuki, basi ujue kuna mnunuzi wa ndani anayezipokea, na soko lina nguvu yake. Bei zikishuka kwa kiasi kidogo tu cha mauzo yao, mnunuzi huyo hayupo. Nakala za taarifa hupatikana bure katika tovuti ya soko. Anza na zile za robo iliyopita, kisha uweke hapa uliyoyakuta tuyatazame pamoja.